Kamba ya Fremont

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za kuprogramu, niwasimulie habari za kiwanda cha magari. Msikimbie, kompyuta tutazirudia njiani.

Kama unaishi Nairobi au Mombasa huenda umewahi kuona gari linaloitwa Toyota Voltz. Si mengi, lakini yapo. Yaliingia nchini kama mitumba mingine yote kutoka Japani, usukani kulia, nembo ya Toyota mbele, na fundi yeyote wa mtaani atakuambia hilo ni gari la Kijapani. Si kweli. Voltz liliundwa Fremont, mji ulio kando ya ghuba ya San Francisco huko California. Lilipakiwa melini likapelekwa Japani kuanzia 2002, Wajapani hawakulichangamkia, na kufikia 2004 biashara ikafungwa. Baadaye sisi tukayanunua yakiwa na miaka yake saba, minane. Yaani gari limevuka Pasifiki, halafu limevuka Bahari ya Hindi, ndipo likafika kukwama kwenye foleni ya Thika Road.

Kiwanda kilicholiunda kiliitwa NUMMI. Nimesoma mengi kukihusu kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapohamia timu mpya ya kazi nakikumbuka. Sababu yake ni kwamba kile kiwanda ni jaribio ambalo hata mwanasayansi asingeweza kulipanga vizuri zaidi: jengo lilelile, wafanyakazi karibu walewale, chama kilekile cha wafanyakazi, ila utaratibu wa kazi mwingine. Matokeo yakawa usiku na mchana.

Tuanze na usiku.

General Motors, au GM, ilifungua kiwanda cha Fremont mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa na sifa mbaya kuliko vyote ilivyokuwa navyo. Siku ya kawaida zaidi ya wafanyakazi 20 kati ya 100 hawakuonekana kazini. Jumatatu asubuhi kulikuwa na siku ambazo watu waliofika hawakutosha kuanzisha kazi. Pombe na bangi vilikuwa ndani ya kiwanda. Migomo ya ghafla, isiyo na idhini ya chama, ilizuka mara kwa mara, na malalamiko rasmi yaliyowasilishwa dhidi ya wasimamizi yalihesabiwa kwa maelfu. Wazee waliofanya kazi pale wamesimulia wenyewe jinsi watu walivyokuwa wakitia chupa tupu ya soda ndani ya mlango wa gari kabla haujafunikwa, ili mnunuzi asikie mlio usioisha na asijue unatoka wapi. Hebu fikiria chuki ya namna hiyo: kumkomoa mwajiri kwa kumsumbua mtu usiyemjua, ambaye kosa lake ni kununua gari.

GM ilikuwa na maelezo yake: wafanyakazi ni wabaya. Wafanyakazi nao walikuwa na yao: nyapara ni adui. Na wote wawili walikuwa na ushahidi.

Lakini kulikuwa na kanuni moja iliyotawala pale, na haikuwa imebandikwa ukutani. Mkanda usisimame. Kiwanda cha kuunganisha magari kina mkanda mrefu unaosogea polepole, gari likipita mbele ya kila mfanyakazi kwa muda usiozidi dakika moja hivi, naye anafunga kile alichopangiwa kufunga. Mkanda ukisimama, kila mtu anasimama, na kwa hesabu ya GM kila dakika ya kusimama ilikuwa hasara isiyosameheka. Kwa hiyo bolti ikikataa kuingia, gari liliendelea. Sehemu isiyo sahihi ikifungwa, gari liliendelea. Mlango ukikosekana, liliendelea hivyo hivyo. Kasoro zilikuwa zinafunikwa na kazi za watu wanaofuata, halafu mwisho wa safari gari linasukumwa uwanjani likangojee mafundi wa kulifumua na kulitengeneza upya. Uwanja ulijaa magari mapya mabovu.

Sasa jiweke mahali pa mfanyakazi. Umeona kosa. Ukisema, unaonekana mkorofi. Usiposema, hakuna kinachotokea. Fanya hivyo kwa miaka 10 uone kama utabaki mtu anayejali. Mimi naamini nisingebaki.

GM ilikifunga kiwanda mwaka 1982, ikawaacha maelfu ya watu bila kazi.

Huko Japani, Toyota ilikuwa na shida ya aina nyingine. Magari yake madogo yaliuzwa Marekani kama njugu, kiasi kwamba mwaka 1981 serikali ya Japani, ikisukumwa na Wamarekani, ilikubali kuweka kikomo cha magari yanayopelekwa huko. Honda ilikuwa imeshaanza kuunda magari Ohio mwaka 1982. Toyota ilitaka kujua kama mtindo wake wa kazi ungewezekana na wafanyakazi wa Kimarekani, na GM ilitaka kujua jinsi ya kuunda gari dogo bila kupata hasara. Mwenyekiti wa GM, Roger Smith, na Eiji Toyoda wa Toyota wakakubaliana mwaka 1983: tutafungua Fremont pamoja. GM italeta jengo, Toyota italeta uongozi. Jina likawa New United Motor Manufacturing, kwa kifupi NUMMI.

Toyota haikuvutiwa na wazo la kuwachukua wafanyakazi wa zamani wala chama chao, United Auto Workers. Mazungumzo yaliendeshwa na William Usery, aliyewahi kuwa waziri wa kazi wa Marekani, na mwishowe ikakubaliwa kwamba wale wa zamani ndio watakaopewa nafasi ya kwanza. Katika watu zaidi ya 2,000 walioajiriwa mwanzoni, takriban asilimia 85 walikuwa wametoka Fremont ya zamani. Wakiwemo viongozi wa chama waliokuwa mwiba kwa GM.

Kabla ya kusonga mbele lazima nirudi nyuma kidogo, maana kamba ninayotaka kuwaambia ina babu yake, na babu huyo ni mtambo wa kufuma nguo.

Sakichi Toyoda, baba wa ukoo huo, hakuwa mtu wa magari. Alikuwa seremala wa kijijini aliyeshughulika na mitambo ya kufuma. Tatizo la mitambo ya zamani lilikuwa hili: uzi mmoja ukikatika, mtambo hauna habari. Unaendelea kufuma, na mita kadhaa za kitambaa zinaharibika kabla mtu hajaona. Ndiyo maana ilibidi kila mtambo uwe na mtu wa kuukodolea macho. Sakichi akautengeneza mtambo unaojisimamisha wenyewe uzi unapokatika. Ule uliokamilika kabisa ulitoka mwaka 1924, na mwaka 1929 kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, ikalipa pauni 100,000 kwa haki za kuutengeneza. Kizazi kilichofuata, mwanawe Kiichiro, ndicho kilichoingia kwenye magari. Toyota Motor iliandikishwa mwaka 1937.

Waandishi wa programu wenzangu, mnaona hapo? Sakichi alichovumbua ni programu inayokataa kuendelea ikikutana na data mbovu. Ikute kosa, isimame palepale, iseme. Wengi wetu bado tunaandika programu zinazomeza kosa kimya kimya na kuendelea kufuma kitambaa kibovu hadi mwisho wa mwezi.

Baada ya vita Toyota ilikaribia kufilisika. Mwaka 1950 kulikuwa na mgomo mkubwa, watu wapatao 1,600 wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Waliobaki walipata kitu ambacho kilikuja kuwa nguzo: uhakika wa kazi. Ndani ya mazingira hayo mhandisi Taiichi Ohno akaijenga ile njia ya kazi ambayo leo dunia nzima inaisoma. Wazo la Sakichi akalihamisha kutoka kwenye uzi hadi kwa binadamu. Kila mfanyakazi kwenye mkanda akapewa uwezo wa kuusimamisha.

Mwaka 1984 mamia ya viongozi wa vikundi kutoka Fremont walipelekwa kwa makundi hadi Takaoka, kiwanda cha Toyota huko Japani, wakakaa wiki chache. Walifanya kazi bega kwa bega na Wajapani. Watu hawa wa Fremont walikuwa wamezoea kwamba ukichelewa kumaliza kazi yako, nyapara anakuja kukufokea. Kule Takaoka walichelewa, kama mgeni yeyote anavyochelewa, na mtu akaja akawauliza: nikusaidie nini? Wengine wamesimulia kwamba safari ile iliwaliza, watu wazima wa karakana. Siku ya kuagana walikumbatiana na wenyeji wao machozi yakiwatoka.

Sasa kamba yenyewe. Inapita juu ya mkanda, unaifikia ukinyoosha mkono. Kitu kikienda mrama unaivuta. Taa inawaka kwenye ubao mkubwa, wimbo mfupi unapigwa, na kiongozi wa kikundi chako anakuja mbio. Watu wengi wanaosimulia habari hii hukosea hapa, husema ukivuta kamba kiwanda kinasimama. Hapana. Mkanda unaendelea kusogea hadi gari lifike alama fulani sakafuni. Kiongozi ana sekunde hizo chache za kutatua. Akifaulu, anavuta kamba tena na hakuna kilichosimama. Asipofaulu gari linapofikia alama, ndipo sehemu hiyo ya mkanda inasimama. Kwa hiyo kuvuta kamba maana yake ya kwanza si “simamisheni”, ni “njooni mnisaidie”. Mwanzo wa tatizo si mwisho wa kazi, na hakuna anayelazimika kuwa shujaa.

Lakini kamba ni uzi tu. Nguvu yake iko kwa yule anayekuja. Kiongozi wa kikundi NUMMI alikuwa na watu 5 hadi 7, kwa hiyo aliweza kufika kwa wakati. Angekuwa na watu 30 asingefika, na baada ya wiki moja hakuna ambaye angevuta. Na akifika akiwa na hasira, kamba imekufa siku hiyo hiyo. John Shook, Mmarekani aliyefanya kazi Toyota Japani na kusaidia kuandaa yale mafunzo, ameandika jambo hili vizuri katika makala yake ya mwaka 2010: ahadi kwa mfanyakazi ilikuwa kwamba akiomba msaada ataupata ndani ya mzunguko wa kazi yake, yaani takriban dakika moja. Hebu jiulize ofisini kwako msaada huchukua muda gani.

Mambo mengine yalibadilika pia. Makumi ya madaraja ya kazi yalikunjwa yakawa machache. Mameneja wakala mkahawa mmoja na wafanyakazi, na hakuna aliyetengewa mahali pake pa kuegesha gari. Zamani mhandisi alikuja na saa ya kupimia, akakupima, akakuandikia jinsi ya kufanya kazi yako. Sasa kikundi chenyewe kilishika saa, kikajipima, kikaandika utaratibu na kuurekebisha kila kilipopata njia bora. Profesa Paul Adler, aliyekichunguza kiwanda hiki na kuchapisha makala mwaka 1993, alishangazwa na jambo hilo hasa. Kazi ilikuwa na kanuni nyingi kuliko ya zamani, si chache. Ila kanuni zilikuwa zao.

Magari ya kwanza, Chevrolet Nova, yalitoka Desemba 1984. Utoro ulishuka kutoka ile zaidi ya 20 kati ya 100 hadi 3 hivi. Watafiti wa chuo cha MIT walilinganisha viwanda vitatu katika kitabu chao cha mwaka 1990. Framingham, kiwanda cha kawaida cha GM, kilitumia saa 31 za kazi kuunganisha gari moja. Takaoka kilitumia 16. NUMMI, kwa watu walewale waliokuwa wakitia chupa mlangoni, kilitumia 19. Kasoro kwa kila magari 100 zilikuwa 45 Takaoka na 45 NUMMI. Framingham zilikuwa karibu mara tatu ya hizo. Mmoja wa wahandisi wa kwanza wa Kimarekani walioajiriwa NUMMI, John Krafcik, ndiye aliyekuja kuupa mtindo huu jina lake la Kiingereza katika makala ya mwaka 1988. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, kijana huyo huyo alichukua uongozi wa mradi wa Google wa magari yanayojiendesha, ambao ulikuja kuitwa Waymo, akabaki hapo hadi 2021.

Najua mtu mmoja ameshanyoosha mkono huko nyuma. Atasema: wale watu walikaa miaka miwili bila kazi, walitishika, hata ungewapa nyapara wa aina yoyote wangefanya kazi. Ni hoja nzuri, na nitaijibu, lakini subiri kidogo.

Kwanza niseme kwamba haikuwa pepo. Mwaka 1988 Mike Parker na Jane Slaughter, waandishi wa upande wa vyama vya wafanyakazi, walitoa kitabu wakauita mtindo huo uongozi kwa shinikizo. Hoja yao: kila dakika ya kupumzika inapondwa, na wenzako wa kikundi wanageuka kuwa manyapara wako, maana usipokuja wao ndio wanaobeba mzigo wako. Ndani ya chama pale Fremont kilikuwapo kundi la upinzani lililosema hivyo hivyo. Na mwaka 1993, kiwanda kilipobadilisha modeli kwa haraka, watu waliumia migongo na mikono hadi idara ya usalama kazini ya California ikakitia hatiani. Siwezi kusoma habari hizo nikaziruka. Hata hivyo wapinzani wenyewe hawakutaka ile Fremont ya zamani irudi.

Kilichowashawishi wengi ni mwaka 1988. Nova halikuuzika vizuri, na kiwanda kilikuwa kikitumia chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Mkataba ulisema kampuni haitamfuta mtu kazi isipokuwa uhai wake wenyewe uwe hatarini, na hata hapo mishahara ya mameneja ikatwe kwanza. Maneno ya mkataba ni rahisi. Watu walingoja waone. Hakuna aliyefutwa. Waliokosa gari la kuunganisha walipelekwa darasani na kwenye kazi za kuboresha vituo. Kuanzia hapo kamba ikavutwa bila woga, kwa sababu mtu aliyegundua njia ya kupunguza kazi alijua hajapunguza mkate wake.

Turudi kwa aliyenyoosha mkono. GM ilikuwa na kiwanda kingine California, Van Nuys, karibu na Los Angeles. Nacho kilitishiwa kufungwa kwa miaka, na wafanyakazi na majirani walifanya kampeni kubwa ya kukiokoa. Hofu ilikuwepo tele. GM ikaleta mtindo wa vikundi kutoka Fremont, ikaleta na kamba. Haukushika. Wafanyakazi waligawanyika, wazee waliona wananyang'anywa haki za ukongwe kazini, na mameneja bado walipimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka. Meneja anayelipwa kwa mkanda usiosimama hawezi kufurahi kamba ikivutwa, hata umpe semina mia. Kamba zilining'inia juu, anayevuta akafokewa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Kwa hiyo hofu pekee haitoshi, na kamba pekee haitoshi.

Profesa Edgar Schein wa MIT, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alisema utamaduni wa kazi una tabaka tatu: yale unayoyaona ukiingia mlangoni, yale watu wanayosema wanayaamini, na chini kabisa yale wanayoyachukulia kuwa kweli bila hata kuyatamka. GM ilinakili tabaka la kwanza. Ikabandika la pili ukutani. La tatu liliendelea kusema mkanda usisimame.

Niruhusuni nijitaje hapa. Kitambo niliandika programu kwa kampuni moja, haina haja ya jina. Kulikuwa na mfumo wa malipo wa kuzinduliwa Ijumaa. Alhamisi saa moja usiku nikagundua kwamba mtandao ukikatika katikati ya muamala, mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili. Nilikuwa na uhakika. Nikaitazama skrini, nikamtazama mkubwa wetu akicheka kwa simu na mteja akimhakikishia kesho tuko tayari, nikafunga kompyuta nikaenda kupanda matatu. Sikuambiwa ninyamaze. Hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze katika ofisi ile. Ila miezi miwili kabla, mwenzangu alikuwa amesema jambo kama hilo mbele ya watu, akaulizwa kwa upole kama kweli anaipenda kazi yake. Hiyo ilitosha kwa ofisi nzima. Jumamosi na Jumapili tulikesha tukirudisha pesa za watu mmoja mmoja, na katika kikao cha Jumatatu hakuna aliyeuliza nani alijua tangu lini. Nami sikusema. Mpaka leo naona haya, na haya hiyo ni yangu, siwezi kuitupia ofisi.

Kwangu ilikuwa pesa. GM ilikuwa maisha ya watu.

Miaka ya 2000 GM ilitoa gari dogo, Chevrolet Cobalt. Swichi ya kuwashia ilikuwa laini kupita kiasi. Goti likigusa ufunguo, au rundo la funguo likiwa zito, swichi iliweza kuteleza gari likiwa mwendoni. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifunguki kwa sababu umeme umekatika. Wahandisi walijua kuna tatizo miaka mingi kabla ya umma kujua. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya, ikafanywa ngumu, lakini namba ya sehemu ikaachwa ileile. Ndugu zangu wa programu, someni tena: walibadilisha sehemu bila kubadilisha namba yake. Matokeo yake waliokuja kuchunguza walilinganisha swichi mbili zenye namba moja zisizofanana, wakapoteza miaka wakijiuliza kwa nini magari ya mwaka fulani yanaua na ya mwaka unaofuata hayaui.

Mwaka 2014 ndipo yalipoitwa kurekebishwa, milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. GM ilimwajiri wakili Anton Valukas achunguze, na ripoti yake ni miongoni mwa maandiko ya kusikitisha niliyowahi kusoma kuhusu ofisi. Wafanyakazi walimweleza ishara mbili wanazozijua wote. Moja waliiita kutikisa kichwa kwa GM: mko kikaoni, mpango unatolewa, kila mtu anatikisa kichwa kukubali, mnatoka nje kila mmoja akijua hatafanya lolote. Nyingine ni saluti ya GM: unakunja mikono kifuani, vidole vikielekeza kwa watu wengine, si mimi ni yule. Ilijulikana pia kwamba mafunzo ya mwaka 2008 yaliwapa wafanyakazi orodha ya maneno ya kuepuka katika maandishi, likiwemo neno “kasoro”. Mary Barra, aliyeshika usukani wa kampuni Januari 2014, aliwafuta kazi watu 15.

Miaka 30 kabla ya hapo kampuni hiyohiyo ilikuwa na nusu ya kiwanda ambapo mtu wa chini kabisa alifundishwa kutamka neno hilo kwa kuvuta kamba.

Na Toyota wasitembee kifua mbele. Mwaka 2009 na 2010 waliita mamilioni ya magari kwa sababu ya kanyagio la mafuta kunasa na magari kukimbia yenyewe, na Akio Toyoda akakiri mbele ya bunge la Marekani kwamba kampuni ilikua haraka kuliko ilivyoweza kufundisha watu wake. Mwaka 2014 walikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwaficha wateja ukweli kuhusu jambo hilo.

NUMMI nayo haikudumu. GM ilifilisika Juni 2009 ikajitoa kwenye ubia, na Toyota haikutaka kubaki peke yake. Wafanyakazi wapatao 4,700 waliendelea kuvuta kamba hadi siku ya mwisho. Gari la mwisho, Corolla, lilitoka tarehe 1 Aprili 2010. Mwezi uliofuata jengo likanunuliwa kwa dola milioni 42 na kampuni changa ya magari ya umeme, Tesla, ambayo ilianza kutoa gari lake la kwanza pale mwaka 2012, bila chama cha wafanyakazi.

Ukikutana na Voltz kwenye maegesho, chungulia mlango wa dereva, kuna kibandiko. Namba ya gari ikianza na tarakimu 5, hiyo ni alama ya Marekani. Nilimwonyesha mwenye gari mmoja huko Ngara, akanibishia dakika 10 nzima.